Kaburini kwa Jaji Tyler

Basi lilinishusha Brattleboro, jimbo la Vermont, Marekani, kwa nauli ambayo ingenipeleka Dar kutoka Tanga na kunirudisha mara mbili. Teksi ya kupanda makaburini, mwendo wa dakika tano tu, dola 20.

Royall Tyler nilimpenda kwa tamthilia yake. Alifika New York Machi 1787, na tarehe 16 Aprili The Contrast ikawa jukwaani, komedi ya kwanza ya Mmarekani kuchezwa na waigizaji wa kulipwa. Humo mna Jonathan, mtumishi kutoka mashambani, anayeingia ukumbini, pazia likipanda, akadhani anachungulia nyumba ya jirani. Nami ni karani wa mahakama, kwa hiyo kusikia kwamba mtu huyu baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Vermont kulinitosha kufunga safari.

Makaburini nilimkuta mzee akikusanya majani. Nilipomtajia Tyler, akaegemea reki yake. "Yule wa kesi ya Dinah?"

Sikuwa naijua. Akanieleza, mvua ikitunyeshea sote wawili. Mwaka 1783 Stephen Jacob wa mji wa Windsor alimnunua mwanamke aliyeitwa Dinah kama mtumwa, kwa hati ya mauzo. Dinah alipozeeka, akaugua na kupofuka, mzigo wa kumtunza ukauangukia mji, nao ukamshtaki Jacob alipe gharama. Jacob mwenyewe alikuwa jaji wa mahakama ileile iliyosikiliza kesi! Mwaka 1802 Tyler akaandika uamuzi: katiba ya Vermont haikubali utumwa, hivyo hati ile haiwezi kupokelewa kama ushahidi. Dinah si mtumwa wa mtu. Na kwa kuwa si mtumwa wa mtu, Jacob hakudaiwa hata senti.

Nimeandika kumbukumbu za kesi miaka mingi, lakini hiyo ilinikaba koo. Sheria ilisema kweli tupu, na aliyekula nguvu za yule mama akaondoka bila deni lolote. Nililitazama jiwe la Tyler, maua niliyonunua kwa dola 12 nikabaki nayo mkononi.

Basi la kurudi lilichelewa saa mbili, kituo hakina hata paa. Mawazo yakaniruka hadi Pangani, kwa bibi yangu. Naye alipofuka uzeeni. Wajukuu tulipokezana kumshika mkono kwenda uani, na jioni hakugusa chakula mpaka amesikia sauti ya kila mmoja wetu. Mimi alinitambua kwa hatua zangu, kabla sijabisha hodi.