Kadi niliyodhani tupu

Mimi hupiga picha upande wa wanawake. Kwenye harusi za Waislamu hapa Kampala na kule Bombo, mpiga picha mwanamume haingii chumba cha bibi harusi, wala ukumbi ambao kina mama wameweka mitandio pembeni wanacheza. Hapo ndipo riziki yangu ilipo. Watu hunilipa kwa picha, lakini zaidi hunilipa kwa kuamini kwamba picha hizo hazitatoka nje ya familia.

Jumamosi moja nilikuwa Bombo. Kadi ya kwanza ya kumbukumbu ya kamera ikajaa, ya pili ikafika nusu. Usiku nikahamishia kila kitu kwenye laptopu, nikanakili tena kwenye diski ya nje, nikajiona mjanja. Jumapili asubuhi nikazifomati kadi zote mbili ndani ya kamera, nikaenda akika, sherehe ya mtoto mchanga, Kawempe, nikapiga picha kama 200 kwa kadi ya kwanza. Jumatatu nikapanda boda kumpelekea mama wa bibi harusi achague za albamu. Pale Bwaise, katikati ya jamu, vijana wawili kwenye boda nyingine wakaninyakua begi. Laptopu na diski vilikuwa humo humo. Nakala mbili, begi moja!

Simu ilibaki mfukoni. Nikiwa bado kando ya barabara nikafungua akaunti yangu ya Google, nikaiondoa ile laptopu kwenye orodha ya vifaa, nikabadilisha nenosiri. Kisha namba ya siri ya mobile money, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika kwenye faili (ndiyo, niliiandika). Polisi nikaandikisha taarifa, mpaka leo sijasikia kitu.

Kumwambia Hajati, huyo mama wa bibi harusi, kulikuwa kugumu kuliko kuibiwa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, zilizopotea tutazililia baadaye. Hizo zilizoibwa, nani anaziangalia sasa hivi?" Nilimjibu kwamba laptopu ina nenosiri. Sikumdanganya, ila sikumaliza maneno. Nenosiri la kuwashia kompyuta halifichi kilichomo: mtu akifungua skrubu, akatoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma kila kitu, kama diski yenyewe haikufungwa kwa usimbaji, yaani data kugeuzwa isisomeke bila nenosiri. Yangu haikufungwa.

Zikabaki kadi. Kamera inapofomati kadi, kwa kawaida haifuti picha. Inafuta daftari linaloonyesha picha ipi iko wapi. Picha zenyewe hukaa mpaka zifunikwe na nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuzitoa kadi kwenye kamera na kusukuma kile kitufe kidogo cha ubavuni kwenye upande wa kufunga, zisiandikwe tena. Fundi mmoja mjini alinitajia bei ya kutisha na kutaka nimwachie kadi hadi kesho yake. Bei ningeipata. Kumwachia kijana nisiyemjua picha za binti za watu, hapana.

Shemeji yangu ana duka la kuchapa kazi za wanafunzi Wandegeya. Akanipa kompyuta baada ya kufunga duka, tukapakua PhotoRec, programu ya bure. Sura yake inatisha: dirisha jeusi, maandishi meupe, unatembea kwa vishale. Unachagua kadi, unaiambia ipekue kadi nzima, na unaelekeza inachookoa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Basi, unangoja.

Zilirudi nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini bila majina. PhotoRec haitegemei daftari lililofutwa. Inatambua faili kwa alama zake za mwanzo, kisha inaipa namba ya mahali ilipoikuta. Faili zimegawanywa kwenye mafolda, na picha ndogondogo za kuonjesha zimechanganyika humo. Nikapanga kwa saa iliyohifadhiwa ndani ya kila picha, nikakuta saa ya kamera ilikuwa imepotoka. Siku mbili nilikaa napanga harusi upya kwa kuangalia nguo za watu.

Za mwanzo wa kadi ya kwanza hazikurudi. Akika ilikuwa imezikalia. Hina, udi, bibi harusi akivishwa, zote hizo zimekwenda. Hajati alizipokea zilizobaki bila neno kali, na hilo lilinichoma zaidi.

Sasa sifomati kadi mpaka mwenye harusi apokee picha mkononi. Diski yangu imefungwa kwa VeraCrypt, programu ya usimbaji, na nakala nyingine iko kwa dada yangu Ntinda. Mtandaoni napandisha chache tu zilizochaguliwa, kwa sababu bando si bure, na Januari 2021 wakati wa uchaguzi tulikaa siku kadhaa bila intaneti kabisa.

Lakini kilichoninyima usingizi kilitoka kwenye kadi ya pili, ile iliyofika nusu. Baada ya picha za Bombo zilifuata picha za harusi nyingine, ya miezi kadhaa nyuma, wanawake wengine kabisa, vichwa wazi. Nilikuwa nimeifomati kadi hiyo mara nyingi. Na miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeuza kadi nyingine kama hiyo kwa dereva wa teksi, nikiwa nimeifomati vilevile.

Namba yake nilikuwa nayo bado. Nikampigia, nikamwomba anirudishie kwa bei yoyote. Akacheka, akasema imejaa kadongo kamu, zile nyimbo za gitaa za Kiganda, mpaka hata wimbo mmoja zaidi hauingii. Nilimnunulia mpya yenye nafasi mara mbili, tukakutana stendi, akanipa ya zamani. Nyumbani niliiweka juu ya jiwe, nikachukua nyundo.