Toba Inayorudisha Kilichochukuliwa

Katika makanisa yetu mengi leo, mtu huongozwa sala ya toba, husema amina, hurudi kwenye kiti chake, na jambo huishia hapo. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho la karne iliyopita, hawakuielewa toba hivyo. Kwao, aliyesema ameokoka alikuwa bado na safari ya kwenda kwa mtu aliyemdhulumu, na naamini kanisa letu limepoteza kitu kikubwa kwa kuiacha safari hiyo.

Uamsho wenyewe haukuanzia kwenye mkutano wa maelfu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Kampala, alikutana pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana mjini humo, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda. Wote wawili walikuwa wamehuzunishwa na ubaridi wa kanisa, wakaketi kusoma Maandiko na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha, naye akaitumikia kazi hiyo kwa bidii hadi mwisho wa maisha yake mafupi, Januari 1936. Kufikia mwaka 1937 ndugu walikuwa wanakutana Kabete, karibu na Nairobi.

Waliposhukiwa na uzito wa dhambi, watu hao walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao, walilipa madeni ambayo wadai wenyewe walikwisha kuyakatia tamaa, na walikwenda kuomba radhi kwa watu waliokuwa hawasalimiani nao. Hawakufanya hivyo ili wanunue msamaha, maana walihubiri damu ya Yesu kuliko jambo lingine lolote. Walifanya kama Zakayo, ambaye Bwana alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwake aliposimama na kusema, “ikiwa nimenyang’anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Neema ilitangulia, na malipo yakafuata kwa furaha.

Kuungama mbele ya watu kulikuwa na hatari zake, na sitaki kuzificha. Ziko dhambi ambazo zikitajwa hadharani humuumiza asiye na hatia, hasa mke, mume au mtoto, na mtu anaweza kusukumwa aseme zaidi ya anavyoulizwa na dhamiri yake. Tena ari ya ndugu iliwagonganisha na viongozi wao: mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa kuwa hawakukubali kuacha ibada na mahubiri yao ya alfajiri. Hata hivyo ari hiyo hiyo iliwasimamisha imara miaka ya 1950 katika Kenya ya kati, ambako wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na kukataa pia kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni, na baadhi yao wakauawa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba Gahini iko Rwanda. Nchi iliyokuwa chimbuko la Uamsho ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na wako waliouawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo walioishi ushirika wao hadi kufa, kama mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa huko na kuuawa Januari 1964. Lakini kwa maoni yangu, toba ya wengi ilihesabu wizi, ulevi na uzinzi, ikaipita chuki ya kabila kana kwamba hiyo ni siasa tu isiyohusu msalaba. Yohana aliandika kwamba tukienenda nuruni “twashirikiana sisi kwa sisi”, na ushirika huo hauwezi kuwapo pale ambapo jirani ameondolewa katika hesabu ya watu.

Kwa hiyo ninapotafakari toba ya siku hizi, naanza na mambo yanayoshikika: fedha za kikundi cha kukopeshana alizotumia mweka hazina, pesa zilizoingia kwenye simu kwa kosa la mtumaji na hazikurudishwa, mshahara wa mfanyakazi wa ndani unaocheleweshwa mwezi baada ya mwezi na mwajiri asiyekosa ibada, mpaka wa shamba la mjane uliosogezwa. Ningependa mchungaji anayeongoza sala ya toba awaulize waliosimama, kwa upole na faraghani, kama yupo mtu wa kuendewa, na mzee mmoja wa kanisa akubali kufuatana naye anayeogopa kwenda peke yake. Na kampeni za uchaguzi zinapoanza, ningependa swali hilo lihusu pia maneno tuliyoyasema juu ya kabila la watu tunaoketi nao benchi moja.