Unashinda vita, unatoka na hasara

Nimerudi kucheza Armored Core, ile gemu ya kwanza kabisa ya mfululizo huo kutoka kampuni ya FromSoftware, ya mwaka 1997 kwenye PlayStation, na bado inanishika vilevile. Dunia ya juu imeteketea, watu waliobaki wanaishi chini ya ardhi, na wenye amri ni makampuni makubwa, Chrome na Murakumo, yanayogombana kwa silaha. Wewe ni Raven, mamluki ndani ya roboti la vita. Unamtumikia anayelipa.

Kinachonikosha ni hesabu baada ya kila kazi. Malipo yanaonekana, halafu zinakatwa gharama za risasi ulizofyatua na matengenezo ya roboti. Unaweza kushinda ukaambulia deni! Ndiyo maana napenda upanga wa nishati: unamkata adui kwa karibu na haukudai senti ya risasi. Ukizama sana kwenye deni, unafanyiwa majaribio mwilini na kuanza upya ukiwa nusu mashine. Hilo linanitisha kuliko adui yeyote mle ndani.

Michoro imezeeka, sawa. Lakini nikiingia gereji kubadilisha miguu ya roboti na kupima uzito, saa zinayoyoma.

Nani bado anaicheza? Unatumia miguu gani?