Megabaiti 64

Mwezi wa saba mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nakaa kwa mama mdogo Kirumba, Mwanza, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa mlimani. Mama mdogo aliuza dagaa pale soko la Mwaloni. Alikuwa na wateja wa Kahama, Shinyanga, hadi Kongo, na wengi walichukua mzigo kwa mkopo. Madeni yote aliyaandika kwenye kauntabuku moja. Mvua ya Aprili ikapenya chini ya turubai, wino ukatapakaa, kurasa zikagandana. Tangu siku hiyo kila deni likawa ubishi. Niliumia sana kumwona akibishana na mtu mzima juu ya gunia ambalo sote tulijua hajalilipa.

Siku moja akarudi na kompyuta. Ofisi moja mjini ilikuwa inatoa vitu chakavu, akapewa bure, akaja nayo kwa bodaboda, monita kaipakata mapajani. Ilikuwa na prosesa ya zamani, Pentium III, diski ya gigabaiti 10, na ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, megabaiti 64. Windows XP iliyokuwamo ilijaa virusi, na Microsoft ilikuwa imeacha kuitolea marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili mwaka uleule. Fundi mmoja nyuma ya Mlango Mmoja aliifungua, akaifunga. “Dogo, hapa nikupigie Windows gani? Seven inataka giga moja ya ramu. Peleka chuma chakavu.”

Sikukubali. Nilishasoma habari za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kwenye kompyuta ya 386 iliyokuwa dhaifu kuliko hii yetu. Pale intaneti kafe nikautafuta mwongozo wa Debian 7, aina mojawapo ya Linux. Ulisema megabaiti 64 zinatosha ukiridhika na skrini ya maandishi matupu. Ukitaka madirisha na mausi, uwe na 128. Sentensi hiyo niliirudia mara tatu. 64 ndizo tulizokuwa nazo, hata moja haikuzidi.

Mashine ilikataa kuwaka kwa flashi, kwa hiyo ikabidi nichome CD. Ya kwanza niliichoma haraka haraka, ikakwama katikati. Ya pili niliichoma kwa kasi ya chini kabisa, ikakubali.

Nilianza kupiga Linux usiku wa tarehe 8 Julai. Mbalamwezi ilikuwa inakaribia kukamilika, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao haziwavuti tena samaki. Hivyo mama mdogo alikuwa nyumbani, kakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Skrini ikaandika kwamba kumbukumbu ni ndogo, basi itaendelea kwa Kiingereza peke yake, tafsiri zote zimeachwa ili kubana nafasi.

“Inasemaje?”

“Inasema ina kumbukumbu ndogo, mama.”

“Kwani imesahau nini?”

Nikamweleza. Meza yako pale Mwaloni ikijaa, magunia mengine unayapeleka stoo, ukiyahitaji unamtuma mtu akayachukue. Meza ndiyo ramu, stoo ni kipande cha diski kiitwacho swapu. Nilikitengea megabaiti 256. Kila kitu kinapatikana, ila safari ya stoo inakula muda. Akaelewa mara moja. “Basi tusiiharakishe,” akasema.

Ilipofika asilimia sitini na kitu, umeme ukakatika. Kwenye banda umiza la bondeni walikuwa wanatazama Ujerumani na Brazil. Mapumziko walikwenda 5-0, na kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza. Mlima mzima ukapiga yowe. Mimi nilibaki nimeshika kibodi gizani, machozi yananilengalenga. Mama mdogo akawasha kibatari, akanipa uji uliobaki. Alfajiri umeme uliporudi nikaanza upya, hatua ya kwanza, na kufikia adhuhuri mashine ikaniuliza jina na neno la siri. Nikaandika amri ya kupima kumbukumbu: zilizotumika hazikufika megabaiti 30.

Kesho yake niliiwasha, ikagoma. Iliandika kwamba diski iliandikwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Nilishtuka, nikadhani nimeharibu kila kitu. Kumbe saa ya ndani ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, kwa sababu betri yake, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa. Na deni bila tarehe ni nini? Nikaenda kwa yule yule fundi kununua betri. Aliposikia mashine imewaka, akaacha alichokuwa anafanya, akapekua boksi lake, akatoa kipande cha ramu cha megabaiti 64 chenye vumbi. Alichukua kifutio cha penseli, akakisugua kwenye meno yale ya shaba taratibu, upande mmoja kisha wa pili, akapuliza, akakiinua kwenye mwanga. “Chukua. Ukifanikiwa uje unionyeshe.” Hakutaka hata shilingi.

Tukawa na 128. Nikaweka IceWM, programu ya madirisha nyepesi kuliko zote nilizozijua, na Gnumeric, programu ya majedwali, kwa ajili ya hesabu. Hapo ndipo nilipotoa jasho. Nyumbani hakukuwa na intaneti, na kila kifurushi cha programu nilichokileta kwenye flashi kilidai kingine, na hicho kingine kilidai cha tatu. Siku mbili nilipanda na kushuka mlima ule wa mawe, orodha ya majina mfukoni. Ukikosa kimoja, unarudi tena kafe.

Jioni ya siku ya pili jedwali likafunguka. Mama mdogo akavuta kigoda, akafunga macho. Lile daftari lililoharibika hakuligusa. “Andika. Yule wa Kahama, magunia matatu, wiki ya Pasaka. Mama wa Shinyanga, gunia moja na debe mbili, alilipa nusu.” Aliendelea hivyo mpaka isha, deni baada ya deni, kila moja na siku yake, na mashine ikawa inachelewa sekunde moja mbili kila nilipohifadhi. Alipomaliza akaniambia nimsomee. Nikasoma. Palepale akanisimamisha: “Hapo umekosea. Siyo debe mbili nusu, ni debe mbili.”

Nikarekebisha, nikahifadhi. Taa nyekundu ya diski ikapepesa, ikatulia.