1964: nyama ya Birmingham na ubeti uliokatwa

Ukitaja Marekani ya 1964, wengi wanakimbilia The Beatles, bendi ya Waingereza, kwenye televisheni usiku wa tarehe 9 Februari: watazamaji milioni 73, mabinti wakipiga mayowe. Kesho yake tu Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada wa haki za kiraia, kura 290 kwa 130. Yafuatilie mambo hayo mawili mpaka Desemba, utakuta yanakutana kwenye swali moja dogo: mtu mweusi akishalipa pesa yake, anakaa wapi?

Tuanze na sheria, maana inasimuliwa vibaya sana. Kuna dhana kwamba Kongresi ilitamka ubaguzi ni marufuku, basi ukawa marufuku. Hilo lilishajaribiwa mwaka 1875, na mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikalitupilia mbali: Rekebisho la 14 la Katiba, lile la usawa mbele ya sheria, majaji walisema, linaibana serikali ya jimbo, halimbani mwenye hoteli wala mwenye ukumbi. Kwa hiyo walioandika mswada wa 1964 wakaegemea mlango mwingine, yaani mamlaka ya Kongresi juu ya biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Hoteli inayopokea wasafiri, imo. Mgahawa unaouza chakula ambacho sehemu yake kubwa imetoka jimbo jingine, umo. Sinema na kumbi zinazoonyesha filamu au wasanii kutoka nje ya jimbo, zimo. Waliosalimika ni klabu za wanachama zisizo wazi kwa umma, na nyumba ya wageni isiyozidi vyumba 5 ambayo mwenyewe analala humo humo.

Je, hesabu hiyo ingesimama mahakamani? Ilipimwa kwa nyama. Ollie's Barbecue ya Birmingham, Alabama, ilikuwa na viti 220 na wafanyakazi 36, theluthi mbili yao weusi. Mteja mweusi aliuziwa chakula cha kwenda nacho tu, kukaa, hapana. Wenye mgahawa walidai wao ni watu wa mtaani, biashara kati ya majimbo haiwahusu. Daftari likasema vingine. Katika miezi 12 kabla ya sheria walinunua chakula cha dola 150,000 hivi, na kati ya hizo dola 69,683 zilikwenda kwenye nyama. Muuzaji alikuwa wa hapo hapo, lakini nyama yenyewe aliitoa nje ya Alabama. Asilimia 46. Tarehe 14 Desemba majaji wote 9 wakasema inatosha kuufanya mgahawa ufungwe na sheria, siku hiyo hiyo walipoiangusha pia kesi ya Heart of Atlanta Motel, hoteli ya vyumba 216 iliyokataa wageni weusi.

Kabla ya kufika huko, mswada nusura ufie Seneti. Maseneta wa Kusini walikamata kipaza sauti kwa wiki kadhaa, wakihutubia mfululizo ili kura isipigwe, na kuwakatiza kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 67 kama wote 100 wamo ukumbini. Tarehe 10 Juni zilipatikana 71. Moja ilikuwa ya Clair Engle wa California, ambaye uvimbe wa ubongo ulishamnyang'anya sauti. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na jina lake lilipoitwa akainua mkono akaonyesha jicho. Kwa Kiingereza, jicho na ile "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawasawa. Rais Johnson akatia saini tarehe 2 Julai.

Sheria ilikuwa na upungufu wake. Mtu aliyefukuzwa hotelini hakuweza kudai fidia kwa kifungu cha hoteli na migahawa. Alipata amri ya kuzuia ubaguzi usiendelee, basi. Upande wa kupiga kura ulikuwa dhaifu zaidi, ikabidi itungwe sheria nyingine 1965.

Tugeukie jukwaa. Sidney Poitier, mwigizaji mweusi, alipata Oscar mwezi Aprili, na The Supremes, kundi la waimbaji weusi, wakashika namba 1 kwenye chati ya nyimbo mwezi Agosti. Vizuri, ila mtu aliweza kumshangilia Poitier kwenye skrini na bado akagoma kukaa jirani na mtu mweusi humo humo sinema. Kwenye kumbi nyingi za Kusini weupe na weusi walitengwa, mara nyingine kwa kamba tu. Ndiyo maana onyesho la Jacksonville, Florida, tarehe 11 Septemba lina uzito wake: The Beatles walisema hawapigi kama watazamaji watatenganishwa, na watu wakakaa pamoja kwenye uwanja wa Gator Bowl, siku moja baada ya kimbunga Dora kupiga. Mwaka uliofuata sharti hilo likaandikwa kwenye mkataba wao wa ukumbi wa Cow Palace, California, karatasi moja na malipo ya dola 40,000.

Sam Cooke, mwimbaji mweusi, aliyajua haya kwa ngozi yake. Oktoba 1963 alikataliwa kwenye hoteli ya Shreveport, Louisiana, ingawa alishaweka nafasi ya vyumba, kisha akakamatwa. Januari 1964 akarekodi "A Change Is Gonna Come", ikatoka kwenye albamu mapema mwaka huo. Aliuawa tarehe 11 Desemba, na tarehe 22 wimbo ukatoka kwenye santuri ndogo, upande wa pili. Ubeti mmoja haukuwemo: ule wa mtu anayekwenda sinema na mjini, akaambiwa asizurure hapo. Kisheria, sinema zilishafunguliwa tangu Julai. Aliyetaka kuusikia ubeti huo ilibidi atafute albamu.