Wasio na Ukumbusho
Somo: Yoshua bin Sira 44:1-15

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Karibu kila kijiji cha Uingereza kina jiwe la kumbukumbu, na mara nyingi ni msalaba uliosimama katika uwanja wa kanisa la parokia, umechongwa majina ya vijana waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini yake hakuna aliyezikwa. Mwaka 1915 ilipigwa marufuku kurudisha maiti za askari nyumbani, kwa hiyo wazazi hawakuwa na kaburi la kulilia. Waumini wakachangishana, wakaweka jiwe pale wanapopita kwenda ibadani. Mengi yanapanga majina kwa alfabeti bila cheo, mtoto wa mwenye shamba karibu na mtoto wa kibarua wake.

Maneno ya Sira 44:14, kwamba jina lao laishi milele, aliyapendekeza Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, kwa makaburi ya vita. Mwanawe John alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18, na baba alikufa bila kujua mwili ulipo. Mtu huyo alijua anachokiandika.

Kipling huyohuyo ndiye aliyetunga maneno ya Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927. Unawataja wapagazi, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika vita hivyo, kuwa miguu na mikono ya jeshi, na unaahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Uzungukeni mnara wote: hakuna jina la hata mmoja wao. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Inauma sana.

Sasa someni mstari wa 9, mitano tu kabla ya ule wa Kipling. Wapo wasio na ukumbusho, walioangamia kana kwamba hawakuzaliwa. Sira hakuwaruka. Amewataja katika sura ileile anayowasifu baba zetu, na sisi tumezoea kuusoma ule wa 14 peke yake.

Tunapoandika majina ya marehemu wetu kwa Misa ya Novemba 2, tuwaulize wazee: nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi? Jina likipatikana, liandikwe. Lisipopatikana, andikeni "babu yetu mpagazi", na jina la ukoo.