Mbu wa Machi 1945

Kazini kwetu tunashughulika na mbu. Wanaletwa kwenye vikombe vya karatasi kutoka vijiji vya Muheza na Mkinga, tunawatambua kwa darubini, tunawapa namba, halafu tunaandika ripoti. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Darubini haijawahi kunibishia. Kompyuta hubisha kila siku.

Wageni wetu wakuu ni aina mbili za mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, na kikagua tahajia cha ofisini, ile programu ya kusahihisha maneno, hakimjui hata mmoja. Gambiae hulifanya Gambia, kwa hiyo ukizubaa ripoti itasema tumekamata Gambia wengi chumbani kwa mzee wa watu. Funestus nalo hulipendekezea "funniest", yaani mchekeshaji kupita wote. Huyo ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malaria kule Bonde la Kilombero, huuma watu wakiwa usingizini, na viuatilifu vya vyandarua ameshavizoea. Kompyuta imemwona mcheshi.

Kwa Kiswahili ndiyo balaa zaidi. Nikiwaandikia wenyeviti wa vitongoji kwa simu kwamba mbu jike ndiye anayeuma, inatoka "MBA joke ndiye anayeuma", yaani msomi wa shahada ya biashara, tena wa mzaha. Mwenyekiti mmoja alinijibu: "Mwanangu, hao MBA wenu wa mjini tunawajua siku nyingi." Na kwenye "tezi za mate", ambako vimelea vya malaria hujikusanya ndani ya mbu, maneno mawili ya kwanza huchorwa mstari mwekundu. Mate hupita salama, maana huko Uingereza "mate" ni rafiki.

Lakini hayo unayaona kwa macho. Majedwali ya kompyuta ndiyo hatari, kwa sababu hayachori mstari wowote. Kila kijiji tumekipa herufi tatu, na Maramba ikawa MAR. Mbu wa 12 wa Maramba, MAR-12, programu ikamfanya tarehe 12 Machi. Mpaka wa 31 ilikwenda hivyo hivyo. Kufika wa 32, Machi haina siku hiyo, nami nikadhani itasalimu amri. Wapi! MAR-32 ikawa Machi 1932. MAR-45 ikawa Machi 1945: Vita Vikuu havijaisha, na mbu wetu tayari yuko kwenye friza.

Sahani za vipimo nazo zina vitundu 96, safu A mpaka H, namba 1 mpaka 12. Sampuli iliyoko sahani ya 2, kitundu E5, tuliiandika 2E5. Programu ikaona E ni alama ya kipeo, ikasoma mbili mara kumi kwa kipeo cha tano. Mbu mmoja, laki mbili.

Wenzetu wa vinasaba wameumia kuliko sisi. Wana jeni zilizokuwa zikiitwa SEPT2 na MARCH1, na unaweza kukisia zilivyogeuzwa. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walipekua majedwali yanayoambatana na makala za kisayansi, wakakuta karibu moja kati ya kila makala tano zenye orodha za jeni ina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaona isiwe tabu: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Jeni tuliyozaliwa nayo sote imebadilishwa jina ili isiisumbue programu ya kupigia mahesabu! Mimi nisingekubali, ila mimi sikuulizwa.

Sisi Maramba tukaipa MRB, yakaisha. Kwa kikagua tahajia dawa ni kubofya "ongeza kwenye kamusi". Tatizo kompyuta ni ya ofisi nzima, na kuna mtu, hajajitokeza mpaka leo, aliyeongeza "funestis". Sasa ukiandika funestus sawasawa, pendekezo la kwanza ni funestis, la pili funniest. Daktari, bosi wetu, kaagiza lifutwe. Fundi anasema kamusi imefungwa kwa nenosiri, na aliyeliweka yuko masomoni Dodoma, hapokei simu.